Sindano Kutoka Katika Salfeti Yetu

Jumatano moja, saa moja asubuhi, nilimkuta binti anayezoa taka za mtaa wetu amesimama getini bila guta lake. Kwa kawaida hupita Jumatatu, wala hagongi: hupuliza filimbi mara mbili, nasi tunatoka mbio na mifuko yetu. Siku hiyo hakuwa na filimbi. Alikuwa amejifunga kanga juu ya ovaroli ambalo vifungo vyake vya katikati havikutani tena, kwa sababu mimba yake ilikuwa imetimiza miezi saba, na mkononi alishika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo dada. Samahani, kuna kitu nataka nikuoneshe, ila usinielewe vibaya."

Alipoikunjua karatasi, ndani yake mlikuwa na sindano ndogo ya insulini, ile ambayo huuzwa ikiwa na kofia ya rangi ya chungwa. Kofia haikuwepo. Kisha akanigeuzia kiganja cha kushoto, na chini ya kidole gumba nikaona kidoa kisichozidi punje ya ulezi.

Ilikuwa imemchoma Jumatatu, saa mbili asubuhi, alipokuwa anakandamiza mifuko ili guta lifungike.

Mama yangu ana kisukari.

## Neno la kwanza

Ningependa kuandika kwamba neno la kwanza kunitoka lilikuwa "pole". Halikuwa hilo. Nilisema, "Una hakika ni ya kwetu?", na tangu siku ile nimejaribu kwa wiki kadhaa kulipatia swali hilo maelezo yenye heshima, nikashindwa. Katika mstari wetu wa nyumba yupo mzee mwingine anayejidunga, na kwa nusu dakika pale getini nilimfikiria kwa matumaini.

Binti hakubishana. Alisema tu kwamba mfuko uliomchoma ulikuwa wa salfeti yenye mstari wa kijani, iliyofungwa kwa kipande cha kitenge.

Mimi ndiye ninayefunga mifuko nyumbani kwetu, na hufunga kwa vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi. Hata hivyo mzee yule naye hutumia masalfeti ya mstari wa kijani, kama nusu ya kata yetu ya Pasua, na fundi wetu ni mmoja. Kwa hiyo hakika kamili haikuwepo, na nilikaa ndani ya upungufu huo wa hakika kama mtu aliyepata kivuli.

Sisi wa Moshi hatufundishwi usafi ukubwani. Mji huu umebeba vikombe vya kitaifa vya usafi mara nyingi kiasi kwamba mgeni akitupa ganda la muwa stendi, watu wasiojuana hugeuka wakamtazama kwa pamoja. Najivunia jambo hilo hadi leo. Ila nimeanza kujiuliza tulijifunza usafi wa namna gani, maana kile nilichokuwa nakifanya mimi kilikuwa kufunga mfuko vizuri ili nisione kilichomo, na kuutoa nje kabla jua halijaupasha joto. Zamani, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, aliyebeba rambo yetu angalau aliweza kuona kilichojitokeza. Salfeti haioneshi kitu. Siilaumu marufuku ile, ambayo ilituondolea balaa la mifereji kuziba. Nasema tu kwamba sikuwahi kufikiri kwamba macho ya mwingine yalikuwa sehemu ya ulinzi wake.

Mama anajidunga asubuhi na jioni, na sindano moja huitumia mara mbili kabla ya kuitupa, jambo ambalo wauguzi hawalipendi lakini pensheni yake inalipenda. Hiyo ni sindano moja kwa siku. Ameanza insulini miaka mitano iliyopita. Nilipiga hesabu hiyo usiku, kitandani, bila kikokotoo: 1,825.

Zote zilipitia mikono ya mtu.

## Saa sabini na mbili

Swali langu la pili getini lilikuwa la maana zaidi: kwa nini hakusema Jumatatu ileile?

Alijibu bila kinyongo, kama anayemweleza mtoto. Yeye ni kibarua, analipwa kwa siku. Msimamizi wa kikundi amekwisha kusema kwamba asiyekuwa makini akae nyumbani, na mjamzito tayari huhesabiwa kuwa nusu ya mfanyakazi. Glovu alizopewa zilitoboka mwezi wa kwanza. Kwa mumewe hakusema kwa sababu mume angeuliza sindano hiyo ni ya nani, ana ugonjwa gani, na nyumba ingewaka moto. Kwa hiyo alinawa kwa maji na sabuni, akafunga kitambaa, akaendelea na zamu. Kunawa huko, kama alivyotuambia baadaye muuguzi, kulikuwa jambo sahihi kabisa, na hakufundishwa na mtu.

Jambo ambalo hakulijua, na ambalo mimi, mtu wa semina za afya mwenye cheti changu, nililijua juujuu tu, ni kwamba zipo dawa za kinga dhidi ya VVU kwa mtu aliyechomwa hivyo, na kwamba lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe kwa siku 28. Pale getini saa 47 zilikuwa zimekwisha kupita. Uwezekano wenyewe ni mdogo: hata sindano ingekuwa imetoka kwa mtu mwenye virusi, ni kama watu watatu katika kila 1,000 wanaochomwa ndio huambukizwa. Homa ya ini B ni kali zaidi, kwa kuwa asiyechanjwa anaweza kuambukizwa hata mara 30 katika 100. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, na binti huyu alizaliwa 1999.

Tulipanda bajaji. Sitakitaja kituo tulichokwenda, kwa sababu kilichotokea dirishani kingeweza kutokea kwingine kokote: mhudumu wa kwanza alisema sindano za nyumbani si ajali ya kazini, turudi mchana daktari akiwepo. Mama mmoja wa makamo, muuguzi aliyekuwa anapita na trei, ndiye aliyesimama, akamtazama tumbo, akauliza, "Imepita saa ngapi?" Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kadi yake ya kliniki ilionesha amekwisha kuchomwa sindano za pepopunda, akapimwa, akaelezwa kwamba dawa hizo anaweza kuzitumia mjamzito, na kabla ya saa nne kidonge cha kwanza kilikuwa tumboni.

"Sindano ilikuwa ya nani?" muuguzi aliuliza akiwa anaandika.

Binti alinitazama mimi.

"Huenda ni ya kwetu," nikasema.

## Nilipoanza kutaka iwe yetu

Mama hakulipenda neno "huenda". Nilipomsimulia jioni aliweka chini kikombe chake, akaniuliza kama ninadhani yeye ni mwizi wa kutetewa. Asubuhi yake, mwanamke wa miaka 68 ambaye hajawahi kupimwa VVU maishani mwake, na ambaye huona aibu kununua pedi za wajukuu zake dukani, alivaa sweta lake la kanisani, akaenda kituoni akatoa damu.

Majibu yalitoka siku hiyohiyo: VVU hana, homa ya ini B hana.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka kwa namna ambayo bado inanitia haya. Siku moja kabla nilikuwa naomba sindano iwe ya mzee wa nyumba ya nne. Sasa, nikiwa na karatasi ya majibu ya Mama mkononi, nilitaka kwa nguvu zangu zote iwe yetu, kwa sababu ikiwa ni yetu, basi binti yuko salama. Nilirudi kwa muuguzi nikamwambia nina hakika ni yetu. Akaniuliza hakika hiyo nimeipata lini.

Sikuwa na jibu. Mzee wa nyumba ya nne alikuwa amesafiri kwenda kwa mwanawe, na huwezi kumpigia mtu simu ukamtaka damu yake. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa, uamuzi ulikuwa kwamba binti amalize siku 28.

Shaka niliyoichagua kama kivuli ndiyo iliyomgharimu yeye vidonge ishirini na saba vilivyobaki.

## Uji na kidonge

Kichupa cha dawa hakikuweza kulala kwake. Lebo yake ingesomwa, na hakuna maelezo ya sindano ya taka ambayo yangemridhisha mume aliyerudi amechoka kutoka kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Mama ndiye aliyependekeza kikae kwetu, kwenye kabati lake, karibu na sindano za insulini. Kila asubuhi kabla ya zamu binti alipita, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akanywa uji wa ulezi na kumeza kidonge.

Hizo asubuhi zilibadilisha mambo mengi, na sidhani kama ningeziona kama ningebaki kuwa mtu wa kukimbia na mfuko filimbi ikilia. Niliona anavyovua kiatu cha mguu mmoja kwanza, kwa sababu wa pili ulihitaji kuvutwa. Nilisikia namna taka zetu zinavyosomeka: nyumba gani inatupa chakula, nani amezaa, nani anakunywa kwa siri. Alisema mizigo mizito zaidi ni maganda ya ndizi na pampasi, na kwamba mwaka huu pampasi zimeyashinda maganda.

Mama alicheka. Kwao Kibosho, alisema, hakukuwa na kitu kinachoitwa taka: maganda yalirudi kwa ng'ombe, samadi ikarudi kwenye migomba, na hata kondo la nyuma la watoto wake wawili wa kwanza lilifukiwa na bibi yangu kihambani, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, mahali ambapo mkungu wake haukuuzwa. Sitaki kuupamba wakati huo. Bibi huyohuyo alizika watoto watatu, na mkunga aliyewazalisha wanawake wote wa pale alikata kitovu kwa chochote kilichokuwa na makali. Ninachokiona ni kwamba uchafu wa kihambani ulikuwa na mwenyewe hadi mwisho wake, ilhali wangu uliisha kuwa wangu pale getini.

Hospitalini wanalijua hilo. Sindano ikishatumika huingia moja kwa moja kwenye boksi gumu la njano, halifunguliwi tena, linakwenda kuteketezwa. Kondo nalo lina shimo lake lenye mfuniko wa zege na bomba la kutolea hewa. Kliniki ya kisukari ilimfundisha Mama kujidunga tumboni na pajani kwa zamu, ikamfundisha kutunza dawa kwenye baridi. Sehemu ya matibabu ilihamia jikoni kwetu, na lile boksi la njano likabaki kulekule.

## Tupime tena jioni

Alhamisi ya wiki ya nne, siku ya ishirini na tatu ya vidonge, uso wake ulikuwa umejaa. Yeye alisema ni usingizi. Mama alichomoa mashine yake ya presha kwenye kasha, akamfunga mkanda mkononi.

158 juu, 104 chini.

Tulipima mara ya pili baada ya robo saa, ikabaki ileile. Presha ya 140 kwa 90 tayari ni ya kupelekwa kituoni kwa mjamzito, na dalili za hatari zimeandikwa kwenye kadi anayotembea nayo kila mwanamke mwenye mimba: kichwa kuuma sana, kuona giza au nyota, kuvimba uso na mikono, kutokwa damu, mtoto kuacha kucheza. Nilikuwa nimeisoma kadi ile mara nyingi kuliko yeye.

Mama alisema, "Leo hakuna kuzoa." Binti alisema tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo, na kwamba siku mbili alikwisha kuzikosa, akikosa ya tatu nafasi inakwenda. Wote wawili walinigeukia mimi.

Nikasema tupime tena jioni.

Nimelirudia neno hilo kichwani zaidi ya lile la getini. Lilikuwa na sauti ya busara. Halikumuudhi mtu, halikumnyima ujira, na mimi nilikuwa na kikao saa tatu.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi hupitia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kila semina ya afya ya uzazi nchini hutaja mambo hayo matatu. Huwa tunasimulia la kwanza kana kwamba ni ujinga wa mama mwenyewe au ukali wa mume, nami nililisimulia hivyo kwa miaka. Asubuhi ile ucheleweshaji wa kwanza ulikuwa umevaa miwani, umeketi mezani kwetu, unatazama saa.

Jioni hakuja.

Saa nne usiku simu iliita. "Dada, naona nyotanyota." Mume alikuwa zamu ya usiku. Nilipiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Aliyepokea aliuliza mambo machache kwa utulivu: mimba ya miezi mingapi, anatokwa damu, ameanguka degedege, yuko mtaa gani. Gari lililomchukua halikuwa ambulensi, bali la kijana wa kawaida aliyesajiliwa kubeba wagonjwa hao na kulipwa na mfumo. Nilifika kwake na bodaboda wakiwa wanamshusha ngazi.

## Salfeti mbili

Katika chumba cha leba alichomwa dawa ambayo wauguzi huiita magneziamu salfeti. Niliposikia jina hilo nilishtuka kama mtu aliyeitwa. Wazee wetu wa kahawa husema mifuko ya salfeti ilipata jina kutokana na mbolea iliyokuja ndani yake, salfeti ya amonia, na mbolea ilipoisha mfuko ukabaki na jina. Kwa hiyo chumvi zile ni ndugu: moja imetuachia mfuko wa kufichia taka, nyingine huzuia kifafa cha mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamke mwenye presha ya mimba kupata degedege.

Hakupata. Alijifungua alfajiri ya Ijumaa, mtoto wa kike wa kilo 1.9, ambaye alikaa siku nyingi kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa ile huduma wanayoiita kangaruu.

Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulihesabu vifo 556 vya wanawake vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Wapo wanaonuna wakisikia takwimu hizo. Mimi usiku ule niliona zinavyotengenezwa: simu inayopokelewa, gari linalofika, dawa iliyopo kwenye droo na muuguzi anayejua kipimo chake. Ucheleweshaji wa pili na wa tatu ulikuwa karibu haupo. Wa kwanza ulikula saa 47 katika kisa cha sindano na siku nzima katika kisa cha presha, na mara zote mbili uliishi mahali ambapo hakuna hospitali inayoweza kuingia: katika hofu ya mtu anayelipwa kwa siku kusema kwamba ameumia, na katika urahisi wa sisi tunaomlipa kutomuuliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo. Nilimuuliza msimamizi wa kikundi kuhusu hilo. Alinielewa vizuri, wala hakuwa mtu mbaya. Alisema kibarua haendi likizo, kibarua hayupo tu. Wiki iliyofuata guta lilikuwa linasukumwa na kijana mwingine.

## Chupa

Kwetu sasa sindano huingia kwenye chupa tupu ya Jik, ngumu, yenye mfuniko wa kukaza. Ilipofika robo tatu niliipeleka kituoni. Mhudumu wa kwanza alisema taka za nyumbani zipelekwe kwenye taka za nyumbani. Nilisubiri hadi yule muuguzi wa trei alipotokea, akaipokea, akaiweka karibu na boksi la njano bila kusema neno. Mzee wa nyumba ya nne amerudi safari. Mama alimpelekea chupa yake mwenyewe, pamoja na habari yote, jambo ambalo mimi nisingethubutu. Mzee alikwenda kupima pia. Majibu yake si ya kuandikwa hapa.

Kijana mpya nilimnunulia glovu nzito za mpira. Wiki ya pili sikuziona mkononi, nikamuuliza. Alisema zinateleza kwenye mpini wa guta, anazivaa akifika dampo la Kaloleni.

Jumapili iliyopita binti alikuja na mtoto, amefungwa mgongoni kwa ile kanga ya siku ya getini. Mama alikuwa amempikia mtori. Alikula taratibu, akamnyonyesha mtoto, akauliza kama kijana wa guta anafika kwa wakati, kwa sauti ya mtu anayeulizia nyumba aliyohama. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye kabati, akaichukua chupa ya Jik, akaitikisa karibu na sikio lake.

"Hii haijafika nusu," alisema, akairudisha, akakaza mfuniko.